Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mlimani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kilikotoka na Kinakoelekea

Kila inapokaribia Oktoba simu yangu haipoi. Ni wazazi wa Songea, wa Tabora, wa Pemba. Wengine jamaa, wengine marafiki wa jamaa, na wote wana kijana aliyechaguliwa Mlimani. Nilisoma hapo miaka ya 1990 na sikuwahi kuhamia mbali. Naishi Changanyikeni, upande wa nyuma wa chuo, na karibu kila siku napita ndani yake. Nimekusanya hapa yale ninayoulizwa zaidi. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu nayapenda, mengine mstari mmoja unayatosha.

Kwa nini kinaitwa Mlimani?

Kwa sababu kiko kilimani. Ramani za zamani zinakitaja kilima hicho kwa jina la Observation Hill, kilomita 13 hivi magharibi mwa katikati ya jiji. Eneo lake ni eka 1,625. Ukitokea Mwenge kwa barabara ya Sam Nujoma utaliona bonde, kisha miti, kisha majengo yanachomoza juu ya miti. Mpangilio huo ndio unaowashangaza wageni waliozoea vyuo vya mjini, ambako ukitoka darasani tu unakanyaga kituo cha daladala.

Chuo kilianzia hapo hapo kilimani?

Hapana, na hiki ndicho kisa ninachopenda kukisimulia kuliko vyote. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya Uhuru, mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la TANU. Chama kilikuwa kimejijengea ofisi, kikaitoa ili vijana wapate pa kusomea. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi hawakufika hata 15.

Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Nchi haijapata bendera, wanasheria Waafrika wanahesabika kwa vidole, na majaji na mahakimu wakuu ni wageni. Kulikuwa na hoja ya kusubiri mpaka majengo ya kudumu yasimame. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikutaka kusubiri. Waliona afadhali darasa la kuazima leo kuliko ukumbi mzuri baada ya miaka mitano. Mwaka huo huo, ng'ambo ya feri, kilifunguliwa pia Chuo cha Kivukoni, ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Kwa hiyo mwaka mmoja tu, kabla ya mambo mengine mengi, nchi maskini ilifungua vyuo viwili vya watu wazima. Mtu akiniuliza Mlimani kulijengwa na nani, naanza na wale wanachama wa TANU waliochangia senti zao kwa ajili ya jengo la Lumumba, halafu ndiyo nawataja wafadhili.

Kilihamia kilimani lini?

Mwaka 1964. Majengo ya kwanza yalipanda kwa fedha za serikali pamoja na misaada ya Uingereza, Marekani na nchi nyingine.

Nasikia kiliwahi kuwa chuo cha London. Ni kweli?

Ni kweli kwa namna fulani. Mwanzoni kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na shahada zilitolewa kwa jina la London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1970 muungano huo ukavunjwa, kila nchi ikashika chake, na ndipo kilipozaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama tukijuavyo. Mkuu wa kwanza wa kile chuo kishiriki alikuwa Cranford Pratt wa Kanada, akafuatiwa mwaka 1965 na Mtanzania, Dk. Wilbert Chagula. Baada ya 1970 Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, na Mwalimu mwenyewe akawa Mkuu wa Chuo.

Ni kweli Mwalimu aliwafukuza wanafunzi wote?

Si wote, lakini aliwafukuza mamia. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani na wenzao wa vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho, kupinga mpango wa kuwapeleka wasomi Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakifanya kazi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango mojawapo lilisema afadhali ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa hasira ambayo wazee waliokuwepo wanaikumbuka mpaka leo. Aliwaambia warudi makwao, na papo hapo akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, pamoja na ya wakubwa wa serikali. Wengi wa wale vijana waliruhusiwa kurudi baadaye.

Miezi michache baada ya hapo likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na Machi ulifanyika mkutano wa kujadili chuo kinaweza kufanya nini katika nchi ya kijamaa. Somo la maendeleo ambalo kila mwanafunzi analijua kwa jina la DS lina mizizi yake katika zama hizo. Ukimsikia kijana wa uhandisi analalamika kwamba DS inamharibia matokeo, mwambie ana haki ya kuchoka, lakini asidhani iliwekwa kwa bahati mbaya. Iliwekwa ili mhandisi asijenge daraja bila kujua ni nani atakayelivuka.

Si kwamba baada ya hapo kulikuwa kimya. Machi 1978 waliandamana tena, safari hiyo wakipinga marupurupu ya wabunge na viongozi, na wakafukuzwa tena. Mwaka 1990 chuo kilifungwa. Mimi nilifika kilimani joto hilo likiwa bado halijapoa. Waliotutangulia walikuwa wakitusimulia usiku, taa zikiwa zimezimika, kama watu wanaosimulia vita.

Nkrumah Hall ni jengo gani, na mbona naona kama nimewahi kuliona?

Umeliona mfukoni mwako. Itafute noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010, kama nyumbani kwenu iko inayosalia. Mbele kuna Mzee Karume. Igeuze: ukumbi ule pale, na paa lake lisilofanana na lingine nchini, na wahitimu na majoho yao. Kuanzia mwaka 2014 sarafu yenye nyati imechukua nafasi ya noti hiyo, na zile za karatasi zilizobaki zimechakaa hadi wahitimu hawatambuliki sura. Ninayo moja ndani ya kitabu. Binti yangu alipokuwa mdogo aliniuliza kama na mimi nimo kwenye picha.

Jina ni la Kwame Nkrumah wa Ghana. Kwa kukipa ukumbi mkuu jina la Mghana, chuo kilikuwa kinasema hapa ni kwa Waafrika wote, na haikuwa maneno matupu. Wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa na ofisi zao mjini Dar es Salaam, na mijadala yao ilipanda mpaka kilimani.

Nani mashuhuri wamepita hapo?

Orodha ni ndefu, nitataja wachache. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha hapo mwaka 1966 hadi 1967, kisha tena kuanzia 1969 mpaka 1974. Terence Ranger alikuja mwaka 1963 kuanzisha idara ya historia. Profesa Issa Shivji alisoma hapo sheria, akafundisha hapo hapo miaka mingi. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi kuanzia 1967 hadi 1970. Jakaya Kikwete alihitimu uchumi mwaka 1975, na mwaka 2016 akarudi kwa cheo cha Mkuu wa Chuo. John Magufuli alisomea ualimu wa kemia na hisabati, na baadaye akarudi kuchukua shahada ya uzamivu. Asha-Rose Migiro alisoma na kufundisha sheria kabla ya kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2007.

Mzazi akiniuliza swali hili huwa nataka kumwambia jambo moja zaidi: kwa kila jina kubwa wapo maelfu waliorudi kufundisha fizikia Nachingwea au kusimamia ghala Shinyanga, na hao ndio waliofanya nchi itembee.

Kwa nini watu husema Muhimbili, Sokoine na Ardhi ni watoto wa Mlimani?

Kwa sababu walilelewa hapo. Shule ya tiba ya Muhimbili iliingia chuoni kama kitivo mwaka 1968, ikawa chuo kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 ikajitegemea. Kitivo cha kilimo kilianzishwa Morogoro mwaka 1969, kikakua, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Ardhi iliunganishwa na Mlimani mwaka 1996 na ikatoka na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Ni jirani, mmetenganishwa na mwendo wa miguu tu. Halafu mwaka 2005 walizaliwa DUCE pale Chang'ombe na MUCE kule Iringa, vyuo vishiriki vya elimu, na hao bado wako nyumbani.

Kuna watu wanaohuzunika wakisema Mlimani kumenyofolewa vipande. Mimi sihuzuniki. Mzazi aliyewakuza watoto wakapata miji yao hajapungukiwa.

Na Kiswahili?

Ahsante kwa kuuliza, maana wengi hawaulizi. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, ina historia ndefu kuliko chuo chenyewe. Asili yake ni Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili. Mwaka 1964 ikawa taasisi ndani ya chuo, na kwa miaka mingi tuliijua kwa jina la TUKI. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981 ni kazi yao. Mwaka 2009 TUKI ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili na kuwa TATAKI.

Kwenye mazungumzo ya mipango ya baadaye husikia zaidi habari za maabara na vituo vya kompyuta. Naviunga mkono. Lakini mgeni kutoka Korea au Ujerumani anayepanda ndege kuja Mlimani anaweza kukuta maabara kwao. Kiswahili cha wenyewe hawezi. Ningetamani jengo la taasisi hii liwe la kwanza kuonyeshwa wageni.

Mlimani City ni mali ya chuo?

Ardhi ni ya chuo. Duka hilo kubwa lilijengwa na mwekezaji kutoka Botswana kwa mkataba wa muda mrefu na kufunguliwa mwaka 2006, na chuo kinapata kodi ya pango. Masharti ya mkataba yamejadiliwa sana, hata bungeni. Msimamo wangu ni huu: chuo kutafuta kipato chake si kosa, maana ruzuku ya serikali haijawahi kutosha. Lakini ardhi ni kitu kimoja ambacho kikitoka hakirudi upesi. Mkataba wa miaka mingi unawafunga hata watoto ambao hawajazaliwa, kwa hiyo usomwe mara tatu kabla ya kalamu kushika karatasi.

Maktaba mpya ni ile ya Wachina?

Ndiyo. Ilijengwa kwa msaada wa China, Rais Magufuli akaweka jiwe la msingi Juni 2016 na kuifungua tarehe 27 Novemba 2018. Inakaliwa na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na rafu zake zinabeba vitabu 800,000. Ndani yake mna pia Taasisi ya Konfusio, kwa wanaojifunza Kichina.

Ile ya zamani, inayobeba jina la Dk. Chagula, ndiyo niliyoikuta mimi. Wakati wetu kitabu ulikitafuta kwenye droo ndogo za mbao zilizojaa kadi. Unavuta droo, unapekua kwa kidole gumba, unanakili namba kwenye kikaratasi, unapanda ghorofani, unakuta kitabu kimeazimwa. Kadi zile zilikuwa zimelainika pembeni kama kitambaa kwa kushikwashikwa na vidole vya watu wa miaka thelathini. Kulikuwa na sehemu ya East Africana, yenye magazeti na nyaraka za kanda hii ambazo si rahisi kuzipata kwingine, na ukiingia pale unasikia harufu ya karatasi kuukuu hata ukifumba macho.

Wengine huuliza kama ile ya zamani imekufa kwa kuja hii mpya. Isife. Viti 2,100 vyenye umeme na intaneti ni neema kubwa, sisi tulikuwa tunagombania kiti kuanzia alfajiri. Lakini magazeti ya mwaka 1950 hayajali ukubwa wa jengo, yanataka hewa kavu, mkono mpole, na mtu wa kuyapiga picha kabla wadudu hawajayamaliza. Hiyo nayo ni maendeleo, ingawa haina jiwe la msingi la kuwekwa na kiongozi.

Mwanangu atapata chumba?

Hili ndilo swali la kweli, mengine ni utangulizi.

Mabweni ya kilimani yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi wachache mno kuliko waliopo. Kuanzia miaka ya 1990 chuo kilipanua udahili na kupokea wanaojilipia, na mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi, mlango ukafunguka zaidi kwa watoto wa wakulima. Ni jambo jema sana. Ila vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo. Ndipo likazaliwa neno kubebana: mwenye chumba anambeba asiye nacho. Kitanda cha mtu mmoja kinalaliwa na wawili, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule, sanduku la tatu limesukumwa chini ya uvungu, na saa kumi alfajiri mmoja anaamka kwenda kusoma ili mwenzake anyooshe miguu. Kuna urafiki uliozaliwa hivyo ambao umedumu mpaka kwenye harusi za watoto. Hata hivyo sitamani mtoto yeyote asome hivyo.

Hosteli za Mabibo zilipunguza shida. Kisha zikaja zile ambazo kila mtu anaziita hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa tarehe 15 Aprili 2017: majengo 20 yaliyojengwa na Wakala wa Majengo kwa shilingi bilioni 10, kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Mwishoni mwa mwaka huo picha za nyufa zilisambaa mitandaoni, na Wakala akaeleza kuwa ni maungio ya kuruhusu jengo litanuke. Zinakaliwa mpaka leo, na pale penye hosteli hizo pana uhai wake, kuna vibanda vya chipsi, vya kunyoa, vya kutoa nakala.

Kwa hiyo, mzazi, jibu ni hili. Aombe mapema, siku dirisha linapofunguliwa. Asipopata, aangalie Changanyikeni, Makongo, Sinza au Ubungo, na aende akione chumba kwa macho kabla hujatuma hata shilingi kwa dalali. Na bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likiingia alipe kodi kwanza, ndipo anunue viatu.

Miti itakatwa?

Kila jengo jipya linakata mingine, hilo halifichiki. Ninaloomba ni kwamba isimalizwe. Mlimani ni miongoni mwa sehemu chache za Dar es Salaam ambapo saa nane mchana bado unaweza kukaa nje na kusoma. Semina zetu bora zilifanyika chini ya kivuli baada ya kipindi kuisha, hakuna aliyetaka kuondoka.

Na kuna ngedere. Watakuingilia dirishani. Tulikuwa tumeuacha mkate mezani, tukasikia kelele. Alikuwa ameketi juu ya kabati, amekumbatia mkate mzima kifuani, anatutazama kama sisi ndio wezi. Akachomoa kipande kimoja, akakinusa, akala taratibu. Funga dirisha, usiwarushie mawe.

Mipango ya sasa ni ipi?

Jambo kubwa ni mradi wa HEET, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu nchini, ulioanza mwaka 2021. Kwa upande wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam maana yake ni majengo mapya kilimani na, zaidi ya hapo, kutoka nje ya jiji: kampasi Lindi, nyingine Kagera, na majengo ya Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Buyu, Zanzibar. Mbeya tayari kipo chuo cha sayansi za afya.

Kampasi ya Lindi, ambayo ni ya kilimo, ndiyo inayonigusa zaidi. Kijana wa Nachingwea au Liwale amezoea kuambiwa elimu ya juu iko kaskazini, panda basi. Kilimo kinafundishwaje vizuri mbali na korosho na ufuta wenyewe? Ninaomba tu wahadhiri wahamie kweli, wakae kule na familia zao, wasiwe watu wa kufika Jumatatu na kuondoka Alhamisi. Jengo peke yake halijawahi kumfundisha mtu, na Lumumba palithibitisha hilo kwa upande wa pili.

Usafiri utabadilika?

Utabadilika. Awamu ya nne ya mwendokasi inafuata barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, na inapita pia Sam Nujoma kati ya Mwenge na Ubungo, yaani mlangoni kwa chuo.

Mtu asiye mwanafunzi anaweza kuingia?

Daladala za Changanyikeni hukatiza chuoni, na wakazi wa jirani hufanya mazoezi humo asubuhi. Vaa kiheshima, na pale penye mlinzi msalimie kwanza.

Nina siku moja tu na kijana wangu. Tuanzie wapi?

Njooni asubuhi kabla jua halijawa kali. Shukeni Utawala, tembeeni mpaka Nkrumah, na kama una ile noti ya 500 mpe aishike mbele ya jengo. Halafu nendeni maktaba zote mbili, ya zamani kwanza. Mchana kuleni kantini na wanafunzi wengine, akae nao, asikae nawe. Baadaye shukeni kwa miguu upande wa bondeni kuelekea Changanyikeni. Ukifika njia panda ya mwisho nipigie, nitakuja kuwapokea, chai itakuwa tayari.